Usimnyime Mwenzako Pumzi

Masomo: Mwanzo 2:7 na Kumbukumbu la Torati 22:8

Tangu mlipofungua ukurasa huu mmevuta pumzi mara kadhaa, na hamkumshukuru yeyote. Hamkupanga foleni. Hamkulipa. Hamkuonyesha kitambulisho. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, akiwa macho na akiwa usingizini, zikafika kama 20,000 kwa siku moja. Tunaweza kukosa chakula majuma kadhaa tukaishi. Tunaweza kukosa maji siku chache. Tukikosa hewa dakika nne tu, ubongo huanza kufa. Hakuna riziki tunayoihitaji kwa haraka kama hii, na hakuna tunayoitendea kwa dharau kama hii. Ndiyo maana leo nahubiri juu ya hewa. Asiwepo wa kuniambia kwamba hili ni jambo la wizara na halihusu imani. Linahusu imani kuliko mengi tunayogombania kanisani.

Mwanzo sura ya pili inatuonyesha mwili wa Adamu ukiwa umekwisha kufinyangwa na bado hauna uhai. Macho yapo, hayaoni. Moyo upo, haupigi. Mikono ipo, haishiki kitu. Viungo vyote vimetimia na mtu hajawepo. Ndipo Muumba anapoutia pumzi itokayo kwake mwenyewe, kwa njia ya pua, na ule udongo unainuka ukiwa mtu. Tazameni utaratibu wa Mungu. Bustani ilikuja baadaye. Miti ya matunda ilikuja baadaye. Amri ilikuja baadaye, na mke akaja baadaye. Pumzi ilitangulia vyote. Zawadi ya kwanza kabisa ambayo mwanadamu aliipokea kwa Mungu wake ni hewa ndani ya kifua chake.

Pumzi ni ya nani?

Paulo aliposimama Areopago, katika mji wa Athene, hakuwa akisema na Wayahudi wala na Wakristo. Alikuwa mbele ya watu waliojaza mji wao sanamu. Hata hao aliwahakikishia kwamba uhai wao na pumzi zao hutoka kwa Mungu yule aliyekuwa akimhubiri. Habari hiyo imo katika Matendo ya Mitume sura ya 17, na uzito wake ni mkubwa. Mungu hakugawa hewa kwa kuangalia dini, kabila wala kadi ya chama. Msikiti na kanisa vilivyo mtaa mmoja vina hewa moja. Tajiri anaweza kuchimba kisima chake, akafuga ng'ombe wake, akalima shamba lake, akajitenga nasi katika maji, maziwa na chakula. Katika hewa hawezi. Akifunga geti, moshi wetu unapanda ukuta wake. Akiwasha jenereta, moshi wake unaingia madirishani mwetu. Hewa iliyotoka kifuani mwako dakika hii iko njiani kwenda kwa mwingine.

Basi pumzi ni amana. Tunaishika kwa sekunde chache, tunairudisha, na mwenzetu anaichukua. Anayetia sumu katika hewa amepeleka mkono wake ndani ya kifua cha jirani bila kubisha hodi, na jirani hana namna ya kukataa. Chakula kibaya mtu anaweza kukitema. Maji machafu anaweza kuyachemsha. Hewa mbaya ataivuta tu, kwa sababu hakuna binadamu awezaye kusema, "Leo sitavuta pumzi mpaka majirani wamalize kuchoma taka zao." Kosa hili linamkuta mtu akiwa hana kinga, na kwa sababu hiyo ni kosa zito.

Mungu hajapunguza kipimo

Wako wanaotutisha kwamba oksijeni inakwisha duniani. Haikwishi. Katika kila lita 100 za hewa kavu, lita 78 ni naitrojeni na lita 21 ni oksijeni. Ile lita moja iliyobaki ni gesi nyingine chache, ikiwemo kaboni dioksaidi ambayo majani huitumia kujitengenezea chakula. Na oksijeni inayotengenezwa duniani, kama nusu yake hutoka kwa viumbe vidogo mno vya baharini, ambavyo hakuna mwanadamu aliyevipanda wala kuvimwagilia. Muumba hajapunguza kipimo chake hata kidogo. Zawadi iko vilevile. Ubaya uko katika kile tunachokitia sisi ndani yake.

Tunatia nini? Tunatia masizi. Moshi wa kuni, wa mkaa, wa taka na wa dizeli umebeba chembe ndogo kiasi kwamba unywele mmoja ni mnene kuzishinda mara 20 na zaidi. Vumbi la kawaida hunaswa puani, ukipenga linatoka. Chembe hizi hazinaswi. Zinapita kooni, zinapita katika mirija, zinafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali pale ambapo damu huchukua oksijeni, na nyingine huingia katika damu yenyewe. Ndiyo sababu moshi hauui kwa kikohozi peke yake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya nusu yake vilikuwa vya maradhi ya moyo na kiharusi. Mama anaanguka, tunasema ni presha. Wengine wananong'ona kwamba amerogwa. Tunalia, tunazika, tunakula wali wa matanga uliopikwa kwa moshi uleule, na hakuna anayeuliza marehemu alipikia nini kwa miaka 30.

Katika hesabu hiyo hiyo, watoto wasiofikisha miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Nchini Tanzania, viongozi wa serikali wamekuwa wakitaja vifo zaidi ya 33,000 kila mwaka vinavyotokana na nishati chafu ya kupikia. Msizipite namba hizi haraka. Mtoto amefungwa mgongoni kwa khanga. Mama anainama kupuliza moto, na pua ya mtoto inafika palepale moshi ulipo. Mtoto huvuta pumzi kwa kasi kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanajengwa. Moshi wa nyumbani karibu unazidisha maradufu hatari ya mtoto huyo kupata homa ya mapafu. Hata aliye tumboni haponi, kwa maana wanawake wajawazito wanaoishi katika moshi wamo katika hatari zaidi ya kuzaa watoto wenye uzito mdogo. Ndugu zangu, tunambatiza mtoto kwa maji safi, kisha tunamrudisha nyumbani akavute masizi.

Macho mekundu ya bibi

Sasa nisikilizeni kwa moyo, kwa maana hapa pana damu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi, wanawake wazee wamekuwa wakiuawa kwa kuitwa wachawi, na moja ya sababu zilizokuwa zikitolewa ni kwamba macho yao ni mekundu. Macho mekundu! Bibi amekaa mbele ya mafiga tangu akiwa msichana mdogo. Amepuliza kuni mbichi, amewasha mabua, amechoma kinyesi kikavu cha ng'ombe pale kuni zilipokosekana. Amepika ugali ulioinua ukoo mzima. Moshi ukamla macho, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa mekundu na kutoa machozi. Na wale aliowapikia, wakiwa wameshiba kazi ya mikono yake, wakayatazama yale macho wakasema huyu ni mchawi, wakachukua mapanga.

Je, mnaona dhambi inavyozaa dhambi? Kwanza tulimwachia moshi peke yake, kwa kuwa ni mwanamke na jiko ni lake. Kisha alama ambazo moshi ulimwachia tukazifanya ushahidi wa kumhukumu. Macho yale yalikuwa ushahidi kweli, lakini dhidi yetu. Yalishuhudia kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja aliyebeba moshi kwa ajili ya wote, na hakuna aliyemjengea hata dohani. Kila mwenye bibi mwenye macho mekundu na amwangalie leo kwa heshima, amwombe radhi, kisha abadilishe jiko lake.

Ukingo wa paa

Torati ya Musa ina sheria moja fupi ambayo hatuihubiri vya kutosha. Imo katika Kumbukumbu la Torati 22:8. Inamwagiza mwenye kujenga nyumba azungushie paa lake ukingo, kwa sababu mtu akidondoka kutoka juu, hatia ya damu itaiangukia nyumba ile. Zamani zile paa zilikuwa tambarare. Rahabu alianika kitani juu ya paa na kuwaficha wapelelezi humo. Petro alipanda darini kusali kule Yafa. Paa lilikuwa mahali pa watu. Kwa hiyo Mungu anaingia hadi katika ujenzi wa nyumba zetu. Hasemi kwamba aliyeanguka alikuwa mzembe. Hasemi kwamba siku yake ilikuwa imefika. Anamgeukia mwenye nyumba: ulijua kwamba watu watapanda, mbona hukuweka ukingo?

Sheria hii inafundisha kwamba mbele za Mungu kuna kuua bila kukusudia kuua. Kuna kuua kwa kuacha kuweka kitu ambacho ungeweza kukiweka. Kutoka 21 inasema namna hiyohiyo juu ya mtu achimbaye shimo na kuliacha wazi, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia: aliyechimba atalipa. Ikiwa Mungu anadai fidia kwa ajili ya ng'ombe, je, atanyamaza kwa ajili ya mapafu ya mtoto?

Nawauliza nyinyi kina baba, na naomba kila mmoja ajijibu mwenyewe. Umejenga sebule yenye vigae. Umeweka madirisha ya aluminiamu na runinga kubwa ukutani. Jiko umeliweka wapi? Ni kile kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, chenye mlango mmoja na hakina dirisha. Humo ndimo anamoingia mke wako alfajiri na jioni, pamoja na binti yako na yule wa mgongoni. Wewe uko sebuleni unaangalia taarifa ya habari. Chakula kinakufikia kikiwa moto na hakina harufu ya machozi ya aliyekipika. Baba, nyumba yako ni nzuri, lakini haina ukingo. Atakayeanguka humo, damu yake utaulizwa wewe.

Udhuru tunaojipa

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu ni yaleyale kila mahali.

La kwanza: "Bibi zetu walipikia kuni na wakafika miaka 90." Unamhesabu bibi aliyefika miaka 90. Yule aliyekufa na miaka 45 akiwa hawezi kupanda mlima bila kuhema hayupo hapa kusimulia. Tena bibi huyo alipikia chini ya paa la nyasi lililopitisha moshi, au nje chini ya mwembe. Leo tunapikia chini ya bati, ndani ya kuta za tofali, wengine katika chumba kimoja cha kupanga ambamo jiko, kitanda na watoto vimo pamoja. Tumebadilisha nyumba tukaacha moshi uleule ndani yake.

La pili: "Gesi ni ghali, sisi ni maskini." Hili silipuuzi, na anayelipuuza hajui maisha ya watu wetu. Mtungi wa kwanza ni mzigo, na kuujaza tena ni mzigo mwingine. Lakini twende polepole. Mkaa wa kopo unaonunuliwa kila siku haupigiwi hesabu ya mwezi. Ipigeni. Vyama vyetu vya kuweka na kukopa vinanunua vitenge vya sare na maturubai ya sherehe. Vinaweza kununua mitungi ya wanachama kwa zamu. Mahali penye umeme, sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Na aliye mbali na gesi na umeme bado anao uwezo. Apikie nje panapowezekana. Atoboe dirisha na kujenga dohani. Akaushe kuni, kwa maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Aloweke maharage tangu usiku ili yaive upesi. Afunike sufuria. Amwondoe mtoto jikoni. Asiwashe mkaa kwa mfuko wa plastiki, kwa sababu moshi wa plastiki ni sumu juu ya sumu. Hakuna hata moja kati ya haya linalomtaka awe tajiri.

La tatu: "Wachafuzi ni viwanda na nchi kubwa." Ni kweli wapo, na nitawafikia. Lakini chembe zilizomo jikoni mwako hazikutoka ng'ambo. Katika nyumba zisizopitisha hewa, moshi wa ndani unaweza kupita kipimo cha usalama mara 100. Hakuna kiwanda kilicho karibu na mtoto wako kama yale mafiga.

Kisha kuna kifo ambacho hakitoi hata moshi. Majira ya baridi, kule Njombe na Makete, na katika miji ya nyanda za juu za Kenya, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na madirisha, na kulala. Asubuhi hawaamki. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anavuta pumzi kama kawaida, na damu yake haibebi uhai tena. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ndiyo onyo pekee, na aliyelala hasikii onyo. Wazazi, wapangishaji, wasimamizi wa mabweni, semeni jambo hili kila baridi inapoanza. Jiko la mkaa halilali chumbani. Hata likionekana limebaki majivu, litoeni nje.

Moshi wa mtaa na moshi wa wenye nguvu

Nilisema nitawafikia wachafuzi wakubwa. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kwa sababu jiji lilikuwa likimwaga na kuchoma taka jirani na nyumba zao. Moshi na harufu viliingia vyumbani, watoto na wazee wakateseka. Mahakama ikawapa haki yao. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alifikia mwisho wa uvumilivu. Alishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kusimama mbele ya mahakama na kuomba ruhusa ya kuendelea kuhatarisha maisha ya watu, na akaifunga hoja yake kwa Ibara ya 14 ya Katiba, ile inayolinda haki ya kuishi. Hakuwa mhubiri, lakini alisema sawasawa na Mwanzo 2:7: ukigusa hewa ya mtu umegusa uhai wake. Baadaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaandika wazi kwamba kila akaaye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya.

Nendeni Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Hapo palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, ile metali yenye sumu. Moshi wake ulitua juu ya mabati, ukaingia katika maji ya mvua, udongo na matumbo ya watoto. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Angeweza kuchukua mtoto wake akahama na kunyamaza. Akageuka akawatetea majirani, akakamatwa, akatishwa, hakurudi nyuma, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi wapatao 3,000 walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurejesha. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua na sumu ile mwilini. Haki iliyochelewa hivyo inatufundisha kwamba moshi uzuiwe kabla haujawashwa, maana mahakama inaweza kurudisha fedha na haiwezi kurudisha akili ya mtoto ambayo risasi imeiharibu.

Nawe unayechoma taka nyuma ya nyumba kila Jumamosi, usidhani kwamba kesi hizi ni za wengine. Nepi, chupa za plastiki, mipira na nyaya vinapoungua pamoja, jirani mwenye pumu anafunga madirisha, anatafuta dawa yake ya kuvuta na kuhesabu dakika. Nawe unayevuta sigara ndani ya gari lenye watoto, usijisifu kwamba umeteremsha kioo. Kaini alipoulizwa alipo ndugu yake, alijaribu kujivua wajibu wa kumlinda. Mungu hakuukubali utetezi huo siku ile, na hataukubali leo.

Hewa inaweza kutakaswa

Msikate tamaa. Kazi hii inawezekana, na Afrika imekwisha kuithibitisha. Kwa miaka mingi petroli ya magari yetu ilitiwa risasi, na kila mtoto aliyecheza kando ya barabara aliivuta. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikaafikiana kuiondoa. Ilipofika Januari 2006 zote zilikuwa zimeacha, mataifa yenye vita na mataifa yenye amani, yenye fedha na yasiyo na fedha. Hatukusubiri tuwe matajiri kwanza. Tuliamua, tukaweka tarehe, tukatimiza. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hajui sumu aliyoepushwa.

Ndivyo inavyotakiwa na jikoni. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Nchi 161 zilipiga kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 28 Julai 2022 kukubali kwamba mazingira safi ni haki ya binadamu, na hakuna hata moja iliyopinga. Maandishi yapo ya kutosha. Sasa tunadaiwa matendo, na deni hili linaanza na sisi tunaojiita watu wa Mungu.

Wazee wa kanisa, nendeni mkakague jiko la kanisa, jiko la shule yetu, jiko la zahanati yetu. Tukihubiri upendo madhabahuni na wapishi wetu wanakohoa nyuma ya ukumbi, tumejihubiria wenyewe hukumu. Kamati za harusi, kabla ya kulipia mapambo, lipieni gesi ya kupikia. Vijana, acheni kuchoma taka za mtaa. Zitengeni, zikusanyeni, muwadai viongozi wa mtaa gari la kuzizoa. Madereva, injini inayotoa moshi mweusi ipelekeni kwa fundi. Walimu, wafundisheni watoto kwamba hewa chafu ni adui hata isiponuka. Wanasheria waumini, watu wa mtaa wanaofukizwa na jalala au kiwanda wanawahitaji. Wapeni siku moja ya taaluma yenu. Nanyi ndugu Waislamu mnaosoma haya, majirani zetu katika hewa moja, tushikane mikono. Jambo hili halina kwetu na kwenu.

Na wewe uliyefika mwisho wa mahubiri haya, usiyafunge ukasema yalikuwa mazuri. Jumapili hii, baada ya ibada, ingia jikoni kwako mwenyewe wakati moto umewashwa. Usisimame mlangoni. Ingia, kaa hapo kwa muda uleule ambao mke wako, mama yako au msaidizi wako wa nyumbani hukaa. Vuta anachokivuta. Kisha toka, uamue mbele za Mungu utakachokibadilisha kabla ya mwezi kwisha: dirisha, dohani, jiko, mtungi, au mahali pa kupikia. Usipobadilisha kitu, utakuwa unajua unachokifanya, na Mungu atajua kwamba unajua. Pumzi ni yake. Anayemnyima mwenzake pumzi amemwibia Mungu, na atatoa hesabu. Amina.